Nilivyotafuta Pua Yangu Kwenye Moshi wa Nyama

Mafua yenyewe hayakuwa ya ajabu. Nilijifunika mablanketi, nikanywa tangawizi na ndimu, mifupa ikauma weee, halafu asubuhi moja nikaamka homa imeondoka na njaa imerudi. Nilibandika maharage jikoni kwangu Troyeville, hapa Johannesburg, nikakaa palepale mezani kumenya viazi huku nasikiliza redio. Mlango ukagongwa kwa nguvu. Alikuwa mama wa ghorofa ya juu, fundi cherehani, Mkongo wa Lubumbashi, ambaye tulizoea kusalimiana kwenye ngazi tu.

"Mwanangu, nyumba inaungua?"

Niligeuka. Moshi ulikuwa umetanda hadi darini na maharage yamekuwa makaa. Nilikuwa nimeligeuzia jiko mgongo, lakini nilikuwa karibu nalo kiasi cha kulifikia kwa mkono. Sikuwa nimesikia harufu yoyote.

Mama yule alizima jiko, akafungua dirisha, akanitazama usoni. Kisha akachukua kitunguu mezani, akakipasua, akanisogezea puani.

"Unasikia nini?"

"Macho yananiwasha."

"Sijakuuliza macho."

Kwa mtu mwingine hiyo ingekuwa hadithi ya kuchekesha wageni. Mimi ni mpishi. Kule Braamfontein, nyuma ya jengo moja la ofisi karibu na chuo kikuu, nina jiko dogo na meza chache, na mchana wanafunzi na wahadhiri wa kwetu, Watanzania, Wakenya, Warundi, huja kula pilau, maharage ya nazi, chapati na samaki wa kupaka. Upishi nilifundishwa Tanga na shangazi yangu ambaye hakupima kitu maisha yake yote. Aliinama juu ya sufuria, akavuta pumzi, akaongeza kinachopungua. Nami nikawa hivyohivyo. Kwa hiyo pua ilipoondoka iliondoka na kijiko, mizani na saa.

Nilirudi kazini nikijidanganya kwamba mikono inakumbuka. Wiki hiyohiyo mhadhiri mmoja wa Kikenya, mteja wangu wa miaka, alisukuma sahani ya pilau katikati ya meza.

"Dada, leo bizari ilimwagika?"

"Imezidi?"

"Haijazidi. Nimekula bizari, wali nimeletewa kama kachumbari."

Tulicheka wote wawili, lakini nilipoingia jikoni nilishika ukingo wa beseni mpaka msichana ninayefanya naye kazi akaniuliza kama naumwa. Kuanzia siku ile yeye ndiye aliyeonja na kunusa. Nilimwuliza "imeiva?" katika jiko langu mwenyewe, kama mgeni.

Kliniki, daktari alinimulika kurunzi puani. Aliniambia mishipa ya kunusia imeumizwa na mafua, inaweza kuota tena, inaweza isiote. Ninuse vitu vikali asubuhi na jioni, limau, karafuu, kahawa, na nisubiri.

"Zaidi ya kusubiri?"

"Hakuna zaidi, mama. Mazoezi na subira."

Nilinusa. Karafuu zilikuwa vijiti vitupu, limau lilikuwa ubaridi. Kila asubuhi nilikaa na vikombe vyangu mbele ya dirisha, na kila asubuhi nikainuka na hasira. Mama wa juu, ambaye tangu siku ya maharage alikuwa akishuka kunijulia hali, alinikuta hivyo Jumapili moja, ametoka kanisani, gauni la kitenge limenyooshwa kwa pasi na kilemba kimefungwa vizuri. Alitazama vile vikombe.

"Hivi ndiyo dawa?"

"Ndivyo walivyosema."

"Bon, haya. Hivi ni vya mtu ambaye bado anasikia. Wewe unahitaji moshi. Mafuta yanadondokea moto. Twende tutafute mahali pa nyama, ukasimame pale kwenye moto mpaka pua ione aibu."

Nilidhani anatania. Alikwenda kuchukua funguo za pikapu yake, ile anayobebea majora ya vitambaa, na njiani ndipo aliponieleza kwamba naye alikuwa na lake. Yeye na marehemu mume wake, Lubumbashi, kila Jumapili mchana walikwenda kwenye baa moja ndogo ambako mtu aliketi na gitaa na watu wakacheza wawili wawili, taratibu, na kufika magharibi kila mtu kwake. Miaka yote aliyokaa Johannesburg hakuwahi kuona mahali pa namna hiyo. Baa zote, alisema, ni spika kubwa kuliko friji na vijana wanaorukaruka kila mtu peke yake.

"Lazima papo," alisema tuliposimama kwenye robot, taa nyekundu. "Mji mkubwa hivi. Wewe utafute harufu, mimi nitafute gitaa. Petroli tutachangia."

Ndivyo tulivyoanza. Jumapili jiko langu halifunguliwi, na yeye hapokei kazi siku ya Bwana, kwa hiyo kila akitoka kanisani tulipanda pikapu tukaenda. Hatukuwa na mtu wa kutuelekeza. Tulifuata moshi. Ukiendesha polepole nje ya barabara kuu, utauona ukipanda kutoka nyuma ya spaza, vile viduka vya mtaani, kutoka kwenye kona palipoegeshwa teksi, kutoka kando ya mahali pa kuoshea magari. Huko ndiko shisanyama zilipo. Unaingia buchani, unachagua nyama yako mbichi, wanaipima, unaipeleka mwenyewe kwenye moto ulio uani, unamkabidhi mchomaji, halafu unakaa na pap, ugali wao mweupe, na kachumbari yao ya pilipili inayopikwa.

Pa kwanza palikuwa Tembisa. Mchomaji alikuwa jitu la miraba minne limevaa aproni ya plastiki, linageuza nyama na soseji ndefu zilizojiviringisha kama nyoka. Wanawake walikuwa mezani. Kwenye moto walikuwa wanaume tu. Nilikwenda nikasimama pembeni yake, upande ambao upepo ulikuwa unapeleka moshi, nikafumba macho nikavuta.

"Mama, utaiva pamoja na nyama," akaniambia.

"Niache niive."

Walicheka. Mmoja akaniletea kiti nikakataa. Machozi yalinitoka, kikohozi kikanishika, nguo zikaloa moshi mpaka mama wa juu akasema atafungua vioo vyote vya gari. Puani, kitu hakuna. Nilikula nyama ile kama mtu anayetafuna kitambaa chenye chumvi. Naye mama wa juu alitazama spika za pale, akatikisa kichwa, akasema si hapa.

Tulikwenda Soweto, tulikwenda Alexandra, tulikwenda Katlehong ambako mwenye duka alitufukuza akidhani tumetumwa na washindani wake, maana wateja gani hawa wanaonusa badala ya kula. Mama wa juu alijibizana naye kwa Kizulu chake cha sokoni hadi yule bwana akachoka, akatuongezea kipande cha ini. Wachomaji wengine walituzoea kabla hatujamaliza kula, wakaniita niwasaidie kugeuza. Nilishika koleo za watu wengi. Nilijifunza nani anatumia mkaa na nani anatumia kuni za mgunga, nani anamwagia nyama bia na nani anaipaka mchuzi wa chupa. Nilijua yote hayo kwa macho. Jumatatu nilikuwa nikirudi Braamfontein, msichana wangu ananinusa na kuniambia nanuka kama nyama choma, nami namwambia asante.

Halafu pua ikarudi, na bora isingerudi.

Tulikuwa kwenye barabara ya zamani inayopita Midrand kuelekea Pretoria, ile ambayo malori huifuata yakikwepa barabara kubwa. Kando yake, chini ya turubai, bwana mmoja alikuwa na pipa lililokatwa kati, anawachomea madereva miguu na vichwa vya kuku. Nilisimama kwenye moshi kama kawaida yangu. Ghafla kitu kikaniingia. Kwa kufumba na kufumbua nilifurahi, nikageuka kumwambia mama wa juu, halafu harufu ikakamilika. Ilikuwa ya mpira unaoungua ndani ya mtaro wa maji machafu. Ilitoka kwenye kuku. Nilikimbia hadi nyuma ya lori nikatapika.

"Kuku ameoza?" mama wa juu alimwuliza yule bwana kwa ukali.

"Wamechinjwa leo asubuhi," akasema, na madereva wote waliokuwa wakila walisimama na vidole mdomoni, wakitutazama. Alichukua kipande akala mwenyewe mbele yetu. Alikuwa mtu mstaarabu. Aliniletea maji ya kunawa.

Kuanzia siku ile kila kilichokaangwa au kuchomwa kilinuka hivyo. Kitunguu kikigusa mafuta, mtaro. Kahawa, mpira. Dawa ya meno, sijui hata niseme nini. Nilipika nikiwa nimejifunga kitambaa puani, na mchana nikaenda kukaa kwenye ngazi za nyuma nile wali mweupe uliopoa, kwa kuwa ndicho kitu pekee kilichonyamaza. Nilikonda. Dada yangu alinipigia simu kutoka Tanga akasema funga hilo jiko urudi nyumbani upumzike. Nilimwambia sifungi. Akaniuliza kwa nini. Nilisema tu sifungi, akakata simu amekasirika.

Kliniki nilikutana na muuguzi mtu mzima, akanisikiliza hadi mwisho.

"Hiyo ni habari njema," alisema.

"Njema?"

"Mshipa unaota lakini bado haujui kusoma. Unachanganya herufi. Usiukimbie. Ukiukimbia hautajifunza."

Nilimrudishia mama wa juu maneno hayo kwenye ngazi, nikiwa tayari nimeshika mkoba. Alinitazama jinsi nguo zilivyonipwaya.

"Mwanangu, tupumzike mwezi huu. Nyama haikimbii."

"Wewe umechoka kutafuta gitaa?"

Aligeuka, akarudi juu kuchukua funguo.

Ila tulibadilisha mpango. Alisema sasa ni zamu ya gitaa, twende mahali ambapo mtu anaweza kukaa bila kula. Mteja wake mmoja, mwanamke aliyeshonewa magauni ya harusi ya bintiye, alikuwa amemwambia kuhusu baa ya zamani upande wa mashariki, karibu na vilima vya mchanga wa migodi iliyofungwa, ambako wazee bado wanapiga muziki Jumapili mchana. Jina la baa alilisahau. Alikumbuka tu kwamba ina bati jekundu na mti wa mkalitusi mlangoni.

Mikalitusi upande ule ni mingi. Tulizunguka Jumapili nzima tukakosa. Jumapili iliyofuata mvua ya mawe ikatuzuia chini ya daraja. Ya tatu tuliiona, bati jekundu limepauka kuwa la waridi, barazani wanaume wawili wazee wa Kizungu wamekaa na mbwa. Mama wa juu alizima gari. Alijitazama kwenye kioo, akaongeza poda.

"Huku ni kwa Makaburu," nilimwambia.

"Nasikia gitaa," akasema, akashuka.

Ndani palikuwa na giza la ubaridi, kaunta ya mbao iliyosuguliwa na viwiko vya watu hadi ikang'aa, picha za timu za raga zilizofifia, na sakafu iliyopakwa rangi nyekundu ya nta. Watu wakageuka kututazama. Si wote walikuwa Wazungu. Kulikuwa na wazee wa Kisotho waliowahi kufanya kazi migodini, meza yao pembeni, nao wakageuka vilevile. Nyuma ya kaunta alikuwepo mwanamke wa makamo, mikono minene, Mzungu.

"Mmepotea?" alituuliza kwa Kiingereza.

"Hapana," mama wa juu akamjibu. "Tumefika. Hapa watu wanacheza?"

Yule mwanamke akamtazama kuanzia kilemba hadi viatu. Nilikuwa nimeshaanza kurudi nyuma.

"Wakipata wa kucheza naye," alisema hatimaye. "Mnakunywa nini?"

Tulichukua soda ya tangawizi na bia moja ndogo ya mama wa juu. Mwishoni mwa chumba walikuwa wanamuziki wawili, mzee wa Kizungu mwenye kodiani mapajani na mzee wa Kisotho mwenye gitaa lililofungwa kwa utepe. Walipiga miziki yao ya haraka, mtu akikanyaga chini kwa kisigino. Wachezaji walikuwa mume na mke mmoja tu, wameshikana mikono iliyonyooshwa mbele kama wanaosukuma mlango. Mama wa juu alisikiliza wimbo mmoja, wa pili, wa tatu. Baadaye akaenda na kiti chake mpaka mbele ya mwenye gitaa.

Alianza kumgongea mapigo juu ya meza. Yule mzee alicheka, akajaribu, akakosea. Mama wa juu akamzuia kwa kiganja, akagonga tena, mara hii akaimba kwa sauti ndogo, bila maneno. Mzee akainamisha kichwa. Vidole vikatafuta, vikapata nyuzi za chini, vikapata za juu, na ghafla ilikuwa rumba, rumba yenye lafudhi ya Kisotho, lakini rumba. Mwenye kodiani aliacha kupiga akasikiliza. Halafu akaingia taratibu kwa nyuma, kama mtu anayeingia kanisani amechelewa.

Mama wa juu alisimama akacheza peke yake. Mabega hayakutikisika. Alikwenda kwa nyonga na miguu tu, hatua fupifupi, mkono mmoja hewani mahali ambapo bega la mtu lingekuwa. Hakuna aliyecheka. Mmoja wa wale wazee wa migodini aliinuka, akavua kofia, akauliza kwa ishara. Hakujua kucheza rumba hata kidogo. Aliongozwa kama baiskeli, naye akakubali kuongozwa.

Walicheza mpaka jasho likawalowanisha. Wimbo ulipokwisha mama wa juu alikuja akajitupa pembeni yangu kwenye benchi, anahema, ananipepea na kujipepea, mkono wake wote umenilalia begani. Na hapo nikasikia.

Ilikuwa poda, na chini ya poda jasho, na chini ya jasho kitu chepesi, kikavu, cha chuma. Mafuta ya cherehani. Hayakunuka mtaro wala mpira. Ilikuwa harufu ya mtu. Nilikaa nimetulia, naogopa nikigeuka itapotea. Tulikuwa tumeanza kujuana siku pua yangu ilipokufa, kwa hiyo sikuwahi kujua kwamba anavyonukia ni hivyo.

"Unalia nini?" akaniuliza. "Muziki?"

"Unanuka cherehani, mama."

Alinitazama bila kuelewa. Kisha akaelewa, akaweka glasi chini. Alinishika kichwa kwa mikono miwili akakikandamiza shingoni kwake, mbele ya wazee wote wale.

"Sikia tena," alisema. "Sikia vizuri."

Sitasema kwamba kesho yake kila kitu kilikaa sawa. Ilichukua miezi. Limau lilitangulia, kisha sabuni, kisha iliki, ambayo siku iliporudi nilifunga jiko mapema nikaenda kutembea tu mitaani. Nyama ilisumbua sana. Nilikuwa nikiikaribia kidogo kidogo, nasimama mbali na moto, kisha karibu, natapika, narudi. Kitunguu hakijarudi mpaka leo ninapoandika, na sitegemei. Nimejifunza kukisikiliza. Kitunguu kinachokaangwa kinaanza na kelele, kinashuka, na kuna wakati kinanong'ona, na hapo ndipo nyanya ziingie. Wateja hawajui.

Kwenye ile baa tumekuwa watu wa kila Jumapili. Mama wa juu amewafundisha kucheza nusu ya wale wazee, na amekataa kuolewa na mmoja wao. Mwenye baa alikuwa akichoma nyama mwenyewe uani, juu ya wavu uliowekwa kwenye matofali, lakini bega lake linamuuma, na siku moja aliniuliza kama najua moto. Nilimwambia nimesimama kwenye moto wa Johannesburg yote. Akanipa koleo.

Jumapili iliyopita nilikwenda na nyama yangu, nimeikata vipande vidogo, nimeilaza usiku kucha katika ukwaju, tangawizi na pilipili, nikaitunga kwenye vijiti. Mmoja wa wale wazee wa barazani, mwenye mbwa, ambaye hajawahi kunisalimia kwa sauti, alikuja na sahani yake, akatazama wavu.

"Nyama iko wapi?"

"Ndiyo hii."

"Imekatwakatwa."

"Mishikaki. Ni ya kwetu, pwani."

"Inanuka vizuri," alisema bila kutaka, kama mtu anayekiri kosa mahakamani.

Siku hiyo pua yangu haikuwa nzuri, huwa inakuja na kuondoka, na mimi nilisikia kama nusu yake tu, ukwaju na kidogo cha moshi. Nilimwekea vijiti viwili. Alikwenda akala amesimama, mgongo ametugeuzia. Nilikuwa nageuza vilivyobaki, nasikiliza mafuta yanavyodondoka, yule mzee alipokuja tena mkono wangu wa kushoto, akanyoosha sahani tupu.